Mcheza kwao hutunzwa, lakini jukwaa analipia nani?

MKULIMA wa Segese akishauza mpunga wake, na mchimbaji mdogo akishapima dhahabu yake, wote wawili hutafuta kitu kimoja jioni: mahali pa kucheka na kusikia habari. Zamani mahali hapo palikuwa uwanja wa ngoma. Leo ni kibanda cha video, simu ya mkononi, au gari la matangazo linalokuja na wachekeshaji kuuza sabuni. Mara moja moja huja pia kikundi cha maigizo kilicholetwa na mradi. Hucheza igizo kuhusu malaria au watoto wanaofanya kazi machimboni, hugawa fulana, huondoka. Watu wamecheka, wengine wamefuta machozi. Miezi sita baadaye ukiuliza kikundi kile kiko wapi, unaambiwa mradi uliisha na vijana wametawanyika.

Kwa nini vikundi vya maigizo visivyo vya faida hufa mapema, hata pale vinapopendwa? Swali hili linawahusu wakulima na wafanyabiashara wadogo kwa sababu mbili. Kwanza, maradhi yanayoviua ndiyo yale yale yanayoua vyama vya msingi na vikundi vya kuweka na kukopa. Pili, igizo ni moja ya njia chache ambazo mtu asiye na gazeti wala redio anaweza kuzitumia kusema hadharani juu ya mizani iliyochezewa, mbegu feki, au zebaki inayooshewa karibu na kisima. Anayelipia jukwaa ndiye atakayeamua kama maneno hayo yatasemwa au yatamezwa.

Si kwa faida, si bila hesabu

Wengi wetu tukisikia kwamba kikundi "si cha kujipatia faida" tunaelewa mambo mawili, na yote si sahihi. Wapo wanaodhani wasanii hao hawapaswi kulipwa. Wapo pia wanaodhani kikundi cha namna hiyo ni mfereji wa fedha za wafadhili, na anayewahi kusajili ndiye anayewahi kunywa.

Maana halisi ni nyepesi zaidi. Kikundi kisicho cha faida kinaweza kutoza kiingilio, kulipa wasanii wake na hata kubakiwa na ziada mwisho wa mwaka. Tofauti yake na duka ni kwamba ziada hiyo haigawanywi kwa wenye mtaji, bali hurudi kwenye kazi. Chama cha msingi cha wakulima wa pamba au tumbaku hakiko mbali sana na mfano huo. Kisipobakiza kitu, hakitanunua turubai msimu ujao. Kwa hiyo kikundi kama hiki kinahitaji hesabu kali kuliko duka, kwa kuwa hakina tajiri wa kuziba pengo.

Nairobi: watazamaji wapo, na kodi ipo

Tuanze na mfano wa jijini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, James Falkland alianzisha Nairobi kikundi cha Phoenix Players. Kilicheza tamthilia katika ukumbi mdogo wa jengo la Professional Centre, katikati ya jiji, na kiliendeshwa kwa ada za wanachama, kiingilio na wadhamini. Kwa zaidi ya miaka 30 waigizaji wengi wa Kenya walijifunzia kazi hapo.

Mwaka 2017 Phoenix ilifunga milango baada ya kulemewa na malimbikizo ya kodi ya pango. Nairobi haikuwa imeishiwa na watu wanaopenda maigizo. Katika miaka hiyo hiyo vikundi vingine vya vichekesho vilikuwa vikijaza viti katika kumbi za jirani. Tatizo lilikuwa kwamba ukumbi mdogo hauwezi kuingiza watu zaidi ya viti vyake, ilhali kodi haijali kama jana ulijaza au ulicheza mbele ya viti vitupu. Kila mwenye fremu ya duka Kahama mjini anaufahamu mtego huo: mauzo hupanda na kushuka, lakini mwenye nyumba huja tarehe ile ile.

Jambo hili si geni duniani. William Shakespeare, ambaye tamthilia zake mbili Mwalimu Nyerere alizitafsiri kwa Kiswahili katika miaka ya 1960, alikuwa katika kikundi kilichogombana na mwenye ardhi pale London. Desemba 1598 wenzake walibomoa ukumbi wao wa mbao, wakahamisha mbao zile, na mwaka 1599 wakajenga nazo ukumbi mpya ulioitwa Globe. Baadhi ya waigizaji, Shakespeare akiwamo, walikuwa na hisa katika jengo hilo.

Kampala: wenye nyumba yao

Nchini Uganda mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1984 Stephen Rwangyezi alianzisha kikundi cha Ndere, kilichopewa jina la filimbi ya kienyeji. Kilianza kwa ngoma na maigizo kama vikundi vingine, na kwa miaka mingi kilitumia maigizo kuelimisha watu vijijini. Lakini kilifanya jambo moja ambalo Phoenix haikuweza: kilijijengea mahali pake. Leo Ndere ina kituo Kampala chenye jukwaa la wazi, mgahawa na vyumba vya wageni. Anayekuja kutazama ngoma anakula hapo hapo, na mwenye arusi anaweza kukodi uwanja.

Kwa hiyo mapato yake hayatoki kwenye mfuko mmoja. Mwezi ambao watalii ni wachache, sherehe zinaweza kuziba. Mwezi usio na sherehe, kuna kiingilio cha wenyeji. Hata hivyo, tusiseme njia hii haina hatari. Uganda ilifunga kumbi za burudani kwa sababu ya korona tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, na hakuna mwenye ukumbi aliyepita miaka hiyo bila kuumia. Lakini aliye na kiwanja chake huumia akiwa ndani ya kiwanja chake, na milango ikifunguliwa ana pa kuanzia.

Mlipaji mmoja akichoka

Hapa Tanzania tumewahi kujaribu karibu kila aina ya mlipaji. Katika miaka ya 1960 na 1970 mlipaji alikuwa Serikali. Viliundwa vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo, na wasanii wakawa watumishi wa umma wenye mshahara. Uchumi ulipobana, vikundi hivyo vilivunjwa mwaka 1980. Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Fedha za Serikali zikahama kutoka kuajiri wasanii na kwenda kuwafundisha. Swali la nani atawalipa baada ya kuhitimu likabaki wazi.

Miaka ya 1980 mlipaji akawa mashirika ya umma na wenye baa. Bima walikuwa na kikundi, DDC walikuwa na Kibisa, na vikundi binafsi kama Muungano na Mandela vilijaza kumbi za Dar es Salaam kwa onyesho moja lenye ngoma, sarakasi, vichekesho, taarabu na igizo. Mashirika yalipoanza kubinafsishwa, na televisheni ilipoingia Tanzania Bara mwaka 1994, watazamaji wengi walibaki sebuleni. Mwaka 1992 ilianzishwa TOT chini ya Kapteni John Komba, ikihudumia chama tawala katika enzi mpya ya vyama vingi. Huyo naye ni mlipaji, na kila mtu aliyesikiliza nyimbo za kampeni alijua zilikuwa za nani.

Baadaye wakaja wafadhili. Katika miaka ya 1990 na 2000, vikundi vingi vya maigizo mijini na vijijini viliishi kwa fedha za miradi, hasa ya kupambana na UKIMWI. Kazi hiyo iliokoa maisha na hatuna sababu ya kuibeza. Lakini vikundi vilizoea kusubiri mada kutoka kwa mwenye fedha. Mwaka huu ni UKIMWI, mwaka ujao ni mazingira, mwaka unaofuata ni utawala bora. Mkulima anayelia kwa sababu ya bei ya mpunga hana nafasi katika igizo hadi apatikane mfadhili wa bei ya mpunga.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Mwaka 1982 na 1983 wataalamu wa sanaa za maonyesho kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi Malya, wilayani Kwimba, si mbali sana nasi. Hawakwenda na igizo mkononi. Njia yao ilikuwa kwanza kukaa na wanakijiji na kuwauliza shida zao, kisha kuziweka katika ngoma na maigizo ambayo wenyeji wenyewe waliyacheza, na mwisho kuanzisha mjadala. Somo la Malya ni kwamba watu wakiulizwa wana mengi ya kusema. Udhaifu wa njia hiyo, popote inapotumika, ni kwamba nauli na muda wa wataalamu vinalipwa na mtu wa mbali, na siku moja wataalamu hao watarudi makwao.

Mkulima wa pamba hahitaji kuelezwa sana habari ya mlipaji mmoja. Kabla soko halijafunguliwa mwaka 1994 alimjua mnunuzi mmoja, na chama kikichelewesha malipo hakuwa na pa kwenda. Mfanyabiashara wa Kahama naye aliona mgodi wa Buzwagi ukianza kuzalisha mwaka 2009 na kumaliza uzalishaji mwaka 2021. Aliyekuwa na mteja huyo tu alijikuta hana biashara.

Walipojilipia wenyewe

Je, wanakijiji wanaweza kulipia jukwaa lao? Jibu lilipatikana Kamiriithu, karibu na Limuru nchini Kenya, mwaka 1977. Wakulima na vibarua wa eneo hilo, wakishirikiana na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, walijenga jukwaa la wazi kwa nguvu zao na kucheza tamthilia kwa Kigikuyu juu ya ardhi, mishahara na umaskini. Watu walikuja kwa mabasi kutoka mbali.

Baada ya wiki chache, Novemba 1977, kibali kilifutwa. Desemba mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alikamatwa na kuwekwa kizuizini kwa takriban mwaka mmoja. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe lilibomolewa na polisi. Tukio hilo linafundisha mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, fedha na nguvu za kujenga jukwaa zipo kijijini. Pili, kujilipia si kinga ya kila kitu. Kikundi kinachojitegemea kinahitaji pia karatasi zake ziwe sawa, yaani usajili na kibali, ili asipatikane mtu wa kukifunga kwa kosa la karatasi. Kwetu Tanzania shughuli za sanaa ziko chini ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa Sheria namba 23 ya mwaka 1984, na ofisa utamaduni wa halmashauri ndiye mtu wa kumwona kwanza.

Hekima ya Bagika na Bagalu

Kwa watu wa Usukumani, mfano mzuri kuliko yote uko karibu zaidi ya Limuru au Kampala. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo simulizi zinavihusisha na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, vimedumu kwa vizazi kadhaa. Vimeuona ukoloni, vijiji vya ujamaa, soko huria na simu za mkononi. Hadi leo vinakutana baada ya mavuno, na katika sherehe za Bulabo pale Bujora, karibu na Mwanza, ushindani bado unawasha moto.

Tukiviangalia kwa jicho la biashara, tunaona kwa nini havikufa. Havilipi kodi ya ukumbi, kwa sababu vinacheza uwanjani. Havina mishahara ya mwaka mzima, kwa sababu wachezaji ni wakulima na msimu wa ngoma ni msimu ambao jembe limepumzika. Mshindi hachaguliwi na mwenye fedha, bali na watu wenyewe: vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, na anayevuta umati mkubwa ndiye aliyeshinda. Kikundi kinachochosha watu hujua siku hiyo hiyo, hakisubiri ripoti ya tathmini.

Kuna jambo la nne. Vikundi vya kulima kwa ngoma, ambavyo vilituachia bugobogobo na majembe yake yanayorushwa juu, vililipwa kwa kazi ya shamba. Mwenye shamba alitoa ng'ombe au chakula, vijana wakalima kwa mdundo, eka zikaisha mapema. Ngoma haikuwa bidhaa peke yake. Iliambatana na huduma ambayo mtu alikuwa tayari kuilipia hata kama hapendi ngoma.

Hesabu ya Segese

Sasa tuchukue kikundi cha mfano cha vijana 12 wa Segese wanaotaka kucheza maigizo. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, na kila mtu aweke bei za kwao.

Wakifuata njia ya Phoenix, watakodi ukumbi kwa shilingi 50,000, jenereta, mafuta na spika kwa 40,000, na chakula na nauli 3,000 kwa kila mmoja, yaani 36,000. Jumla ni 126,000. Wakipata watu 120 kwa kiingilio cha 1,000 wataingiza 120,000. Ukumbi umejaa, watu wamepiga makofi, na kikundi kimepata hasara ya 6,000.

Wakifuata njia ya Bagika na Ndere kwa pamoja, watacheza uwanjani siku ya gulio, bila kiingilio, wakiwa na spika na jenereta yao. Wenye meza 15 za chakula na bidhaa, ambao umati ule ni riziki yao, watachangia 3,000 kila mmoja: 45,000. Duka la pembejeo na duka la vifaa vya ujenzi watatangazwa kabla ya igizo kwa 20,000 kila moja: 40,000. Watazamaji watatunza 30,000. Jumla ni 115,000. Matumizi yatakuwa mafuta 10,000, chakula na nauli 36,000, kibali na ushuru 10,000: jumla 56,000. Kinabaki 59,000.

Wakicheza mara mbili kwa mwezi wana 118,000. Wakikodisha spika na jenereta mara mbili kwenye arusi kwa 40,000, wanaongeza 80,000. Jumla ya mwezi ni 198,000. Theluthi moja, 66,000, iingie kwenye akiba ya matengenezo. Inabaki 132,000, sawa na 11,000 kwa kila msanii.

Tuseme ukweli: hakuna atakayeacha jembe wala karasha kwa shilingi 11,000 kwa mwezi. Na asiache. Hapo ndipo vikundi vingi hukosea. Vijana huambiwa sanaa ni ajira, wanaacha kazi nyingine, na wakikosa posho kikundi kinasambaratika kwa ugomvi. Bagika walijua kwamba mchezaji mwenye shamba lake hanunuliki kirahisi na havunjiki moyo upesi.

Mtaji wa spika na jenereta utatoka wapi? Mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha sanaa kinaweza kuomba kama vingine, mradi kionyeshe kitakavyorejesha. Basi kikope kwa ajili ya spika, turubai na viti vinavyokodishwa, si kwa ajili ya sare. Sare haikodishwi arusini.

Na mfadhili akija? Apokewe kwa heshima, lakini kwa masharti ya kikundi. Tuseme analeta shilingi 1,000,000 kwa mwezi mmoja. Katika mapato ya mwezi huo, fedha zake zitakuwa zaidi ya shilingi 75 katika kila 100. Kikundi kikizigawa zote kama posho, mwezi unaofuata 11,000 zitaonekana matusi. Kikizifanya turubai na viti, mfadhili ataondoka na turubai litabaki. Kanuni hiyo hiyo itumike kwa mgodi, kwa mwanasiasa mwenye gari na fulana, na kwa mnunuzi wa mazao anayetaka jina lake litajwe. Siku kikundi kitakapotaka kuigiza habari ya mizani, mwenye mizani asiwe ndiye anayelipia mafuta ya jenereta.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Walio kwao ndio wanaojua igizo linamsema nani, ndiyo maana mia tano ya mama lishe wa gulioni ina uzito ambao milioni ya mradi haina. Wenye meza 15 pale gulioni wanaweza kuanza wiki hii, kwa kuitisha kikao na kuulizana: tungekuwa na igizo moja la kwetu, lingesema nini, na kila mmoja wetu atatoa kiasi gani lisemwe?